Darasa la mwili na hisia, Kilimani: miguu imefunzwa vyema, pumzi imeachwa ovyo

Tumbo joto, roho juu, moyo kudunda, mwili kufa ganzi. Darasa hili la Alhamisi jioni linayachukua maneno hayo jinsi yalivyo, kama taarifa za mwili. Linafanyika ghorofa ya pili, hatua chache kutoka barabara ya Argwings Kodhek, Nairobi: vikao 6 vya dakika 75, KSh 1,500 kila kimoja, watu wasiozidi 12.

Nusu saa ya kwanza inastahili sifa. Hakuna anayeamriwa kufumba macho. Kila mtu hukaa kitini bila viatu, nyayo zote mbili chini, akaisukuma sakafu mpaka asikie mapaja yakikaza, akahesabu hadi 5, akalegeza. Mara 3. Kisha shingo hugeuzwa taratibu, macho yakipita mlangoni, madirishani, usoni mwa wenzake, darini. Mgeni huona ni mchezo wa chekechea, ila hapo ndipo darasa zima limeegemea. Mwili ulioshtuka hautulii kwa kuambiwa utulie. Hutulia ukishaona njia ya kutokea iko wapi na kwamba hakuna anayekuja. Viti vyote vinatazama mlango. Aliyevipanga anajua kazi yake.

Hufuata kukaza na kulegeza misuli, mbinu ambayo daktari Edmund Jacobson wa Chicago aliifanyia kazi miaka ya 1920. Unakunja ngumi sekunde 5 hadi 7, unaachia, kisha unakaa sekunde 20 hadi 30 ukisikiliza tofauti. Wengi huharibu kwa kukaza kwa nguvu zote hadi msuli wa mguu ubane, au kurukia kiungo kingine kabla ya kusikiliza. Mwalimu anasisitiza nusu ya nguvu tu, na saa ya ukutani anaitazama kweli.

Lugha nayo imechaguliwa vizuri. Ukimuuliza Mnairobi anahisi nini, atakujibu yuko sawa, hata kama mabega yamepanda hadi masikioni. Hapa swali ni: "Tumbo likoje, lina joto au limefunga? Viganja ni vikavu au vina jasho?" Swali la namna hiyo lina jibu. Mwaka 2013 watafiti wa Finland walichapisha ramani za hisia kutoka kwa watu 701, kila mmoja akipaka rangi sehemu za mwili zinazochangamka au kupoa. Hasira na hofu zilijaa kifuani. Huzuni ilionyesha mikono na miguu iliyopoa. Waliohojiwa walikuwa wa Ulaya na Taiwan, lakini aliyeunda msemo wa mwili kufa ganzi asingeshangaa.

Kuanzia kikao cha pili darasa linaanza kuteleza. Zoezi la kuupitia mwili kiungo kwa kiungo linachukua dakika 25, macho yamefumbwa, na linaanzia kifuani. Katika programu ya wiki 8 aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts mwaka 1979, zoezi hili huchukua kama dakika 45, lakini ile haikubuniwa mahsusi kwa mtu aliyeponea uvamizi mwezi jana. Kwa mtu kama huyo, kifua ndiko hofu inakokaa. Kumfungia humo gizani ni kumrudisha kwenye tukio. Dalili huonekana: pumzi fupi, jasho, jicho la kukodoa lisiloona, au mtu kudai hausikii mwili kabisa. Zinatosha dakika 5 hadi 10, macho nusu wazi, kuanzia vidole vya miguu. Na ziwepo sehemu mbili za kwenda na kurudi: moja yenye hisia ngumu, nyingine isiyouma, hata kama ni ncha ya sikio. Sekunde 20 kwenye ngumu, halafu rudi. Akizidiwa afungue macho, akanyage sakafu, ataje vitu 5 anavyoviona.

Kikao cha tatu ndicho kibaya zaidi. Watu hulazwa chali na kuhema haraka kwa mdomo dakika 15. Vidole na midomo huanza kuwasha kama vinachomwa sindano, viganja hujikunja, kichwa huzunguka, na mwalimu hutangaza kwamba huzuni inatoka. Hapana. Inayotoka ni kaboni dayoksaidi, haraka kuliko mwili unavyoitengeneza. Hali ya damu hubadilika na neva huwa nyepesi kushtuka. Mwenye historia ya mishtuko ya hofu huamini anakufa. Mjamzito, mwenye kifafa, ugonjwa wa moyo au presha hapaswi kulifanya, na hakuna fomu inayouliza mambo hayo mlangoni. Mbadala wake hauna mbwembwe: ingiza hewa puani kwa hesabu ya 4, toa kwa 6, bila kujaza kifua, dakika 5. Moyo hupunguza mwendo mtu anapotoa pumzi, kazi ya vagasi, neva inayotoka ubongoni hadi moyoni, ndiyo maana kutoa kunarefushwa. Mpaka walirekebishe, kaa kitini kikao hicho.

Kuguswa: mwalimu huomba ruhusa kila mara, hata kwa bega. Safi.

Kuhusu vyeti, tangazo lao linasema "uponyaji", neno zito. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, inayotaka wanaofanya kazi hiyo wasajiliwe. Kufundisha mazoezi si ushauri nasaha, lakini anayeahidi kuponya aulizwe nambari yake ya usajili, na atampeleka wapi mtu akilemewa. Maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi si ya kuletwa hapa. Hayo ni ya hospitali, usiku huohuo.

Sakafu ni ya vigae. Julai hutetemesha, na mtetemo wa baridi ni rahisi kuudhania ni mwili unaachilia hisia. Beba shuka na soksi. Honi za matatu huingia dirishani, omba kiti cha ndani. Gari namba 46 hukushusha karibu. Ukija na gari lako, usishike usukani kabla ya dakika 10 na maji ya kunywa: mwili uliolegezwa huwa mzito kukanyaga breki.