Mbegu za asparagasi Mary Washington: zinafaa Mwanza, maelekezo ya pakiti hayafai

Mary Washington ni aina ya asparagasi, mboga inayoliwa machipukizi yake, na mbegu zenyewe hazina shida. Shida iko nyuma ya pakiti: maelekezo yameandikwa kwa nchi zenye majira ya baridi, ambako mmea hulala na majani hukauka yote, kisha machipukizi huvunwa kwa wiki chache tu. Kandokando ya ziwa asparagasi hailali. Inachipua mwaka mzima, na ukikata kila kinachochomoza, mizizi inakosa chakula, machipukizi yanakuwa membamba kama njiti, mwisho shina linakufa.

Dukani angalia tarehe kwanza. Mbegu iliyopita miaka mitatu huota kwa kusuasua. Pakiti zilizotundikwa mlangoni mwa duka la pembejeo zikipigwa jua kutwa ziache hapo hapo.

Loweka saa 24, kisha panda kwenye viriba, kina cha sentimita 2. Kwa joto la Mwanza zitaota baada ya wiki mbili hivi. Usizimwage kwa kuona kimya siku ya kumi. Miche ikifika miezi mitatu, ihamishie kwenye mtaro wa kina cha sentimita 20, mche hadi mche sentimita 40, mtaro hadi mtaro mita 1.2. Weka debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita mbili, ufukie kidogo kidogo kadiri mche unavyorefuka.

Udongo ndio unaoamua. Luseni, ule mchanga wa kwenye miinuko ya mawe, unafaa kwa kuwa hautuamishi maji, ila haushiki mbolea na mara nyingi una asidi. Ongeza majivu kiasi. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni, inyanyue miche juu ya tuta, la sivyo masika moja inatosha kuozesha mizizi. Kiangazi, Juni hadi Agosti, ndoo ya lita 20 kwa kila mita, mara mbili kwa wiki. Mwagilia chini, si juu ya majani: unyevu huleta ukungu wa shina, madoa ya kahawia yenye vitone vyeusi katikati. Shina lenye madoa likate, lichome moto.

Kuvuna, isahau pakiti. Kila mmea uachie mashina mama manne au matano yaliyonenepa, yakue mpaka yatoe yale majani laini (mgeni atadhani ni maua ya mapambo, na kweli ni ndugu zake). Machipukizi mengine yakifika unene wa penseli na urefu wa sentimita 20, kata kabla kichwa hakijafunguka. Kikishafunguka ni kamba tupu. Mashina mama yakianza kuwa manjano, baada ya miezi mitatu au minne, acha mapya yachukue nafasi.

Karibu nusu ya miche itakuwa majike, yenye machipukizi machache zaidi na matunda mekundu ambayo watoto wasiyale. Mpangaji asiye na uhakika wa kubaki kwenye nyumba hiyo anunue mchicha. Huu ni mmea wa miaka.

Ukibahatika kupata UC 157, aina nyingine ya asparagasi inayolimwa sana Peru, chukua hiyo kwanza, maana inastahimili joto zaidi. Lakini ni chotara, mbegu zake usizirudie. Za Mary Washington unaweza kuzitunza mwenyewe, mradi bustanini kuna dume na jike.