Siku nane kando ya mto Danube kwa baiskeli: begi linatangulia, wewe unafuata

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu baiskeli si mazoezi, ni miguu. Baba alikwenda nayo kazini, mama sokoni, na mimi nilipelekwa chuoni nimekalishwa kwenye keria, nimeambiwa nipanue miguu isiingie kwenye spoku. Kwa hiyo dada yangu anayeishi Munich aliponiambia kuna watu wanalipa pesa nzuri ili wapande baiskeli siku nane kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, Austria, nilimuuliza swali moja tu.

"Dada, tunalipa ili tuchoke?"

"Tunalipa wa kubeba mabegi, mdogo wangu. Kuchoka ni bure."

Tulikwenda mwanzoni mwa Septemba. Kabla ya kuondoka nilitafuta maelezo ya safari hii kwa Kiswahili nikatoka mikono mitupu, basi haya hapa, mazuri yake na yaliyonikera.

Kwanza ujue unanunua nini. Hakuna kiongozi wa msafara. Kampuni inakuwekea hoteli zenye kifungua kinywa, inakukodisha baiskeli, inakupa ramani na programu ya kwenye simu, na namba ya kupiga ukikwama. Juu ya hayo, kila siku saa tatu asubuhi gari linachukua begi lako na kulipeleka hoteli ya jioni. Basi. Unaendesha mwenyewe, ukipotea unapotea mwenyewe. Tulilipa euro 790 kila mmoja kwa usiku saba, na baiskeli euro 110 zaidi. Dada akaongeza tena ili apate ya umeme. Chakula cha mchana na cha jioni ni juu yako. Usiku wa Vienna nao haumo, na hilo lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo kama miguu ya siafu.

Njia yenyewe ni kipande cha EuroVelo 6, njia ndefu ya baiskeli inayotoka pwani ya Atlantiki kule Ufaransa na kwenda hadi Bahari Nyeusi. Passau hadi Vienna ni kama kilomita 320. Sehemu kubwa ni lami safi juu ya matuta ya kuzuia mafuriko au ukingoni kabisa mwa mto, magari hayakusogelei, na vilima ni vya kuhesabu. Mtu yeyote anayeweza kuendesha kutoka Chumbageni mpaka Raskazone, kule kwetu Tanga, bila kushuka anaiweza. Kinachotofautisha ni kuirudia kesho, na kesho kutwa.

Mfike Passau siku moja kabla. Hapo mito mitatu inakutana, Danube, Inn na Ilz, na kila mmoja unakuja na rangi yake. Ilz ni mweusi kama chai ya mkandaa, Inn umepauka kwa maji ya milima ya Alps, Danube uko katikati yao. Kwenye ukuta wa jengo la baraza la mji wamechora alama za mafuriko na mwaka wake. Mwaka 2013 maji yalifika mita 12.89, hayajawahi kupanda kiasi hicho tangu 1501. Nilisimama chini ya ile alama nikanyoosha mkono, sikuifikia. Baada ya hapo sikulalamika tena kwamba njia inapita juu ya tuta na upepo unatuchapa.

Kitu kimoja kilichonifurahisha safari nzima ni vibao vya kilomita kando ya mto. Danube unahesabiwa kutoka mdomoni. Sifuri iko Sulina, Romania, unapoingia baharini. Passau ni kama 2,226 na Vienna ni kama 1,930. Unashuka na mto, namba nazo zinashuka nawe. Dada aliangalia simu yake kila robo saa kujua tumebakiza kiasi gani. Mimi nilitazama vibao, na mimi sikuishiwa chaji.

Siku ya kwanza ya kuendesha inaishia Schlögen, kilomita kama 42. Hapo mto umegonga graniti ukashindwa kupita, ukajikunja mzima na kurudi ulikotoka, kisha ukajikunja tena. Ukiwa chini huoni kitu, unaona tu maji yanapindapinda. Panda mlima kwa miguu, nusu saa ya jasho, ndipo utaona umbo lake. Wazee wawili waliotupita njiani siku nzima tuliwakuta kule juu wameketi kimya. Hatukusema neno nasi.

Sasa vivuko. Hapa nitakaa kidogo, maana kwangu vivuko ndivyo safari. Pande zote mbili za mto zina njia, na ustadi wa safari hii ni kujua lini uvuke. Kuna vivuko vidogo vinavyochukua baiskeli na watu wachache, unalipa euro chache unavushwa. Lakini kile cha Ottensheim, kabla ya Linz, ndicho nilichokipanda mara mbili bila sababu. Mimi nimezoea pantoni la Pangani, injini inanguruma mpaka meno yanatetemeka. Hiki hakina injini. Kimefungwa kwenye waya mnene uliovutwa kutoka ng'ambo hii hadi ile, nahodha anakiweka upande kidogo, na mkondo wa mto wenyewe unakisukuma. Unasikia maji tu. Dada aliniuliza kwa nini tunavuka tena wakati hoteli iko ng'ambo tuliyotoka. Sikuwa na jibu, nikamwambia alipe.

Linz ndiko kilikotokea kilichotokea. Tumefika saa kumi na moja jioni, begi la dada lipo, langu halipo. Mpokeaji wageni akasema labda linakuja. Saa moja, halijaja. Nikapiga ile namba ya dharura. Walipokea upesi, hilo nawapa. Kumbe begi lilishushwa hoteli nyingine yenye jina linalofanana na yetu, mtaa wa nne kutoka pale. Aliniletea mlangoni kijana mmoja saa nne usiku, akiomba radhi kwa lugha tatu. Tangu hapo nilibeba kwenye mkoba wa keria nguo moja ya kubadili, dawa zangu na mswaki, na nakushauri ufanye hivyo tangu siku ya kwanza. Ukinunua huduma ambayo thamani yake yote ni begi, begi likikosekana umenunua nini?

Kutoka Linz mnapita Mauthausen. Mji mdogo, maua madirishani, na ukisoma ramani haraka utaupita. Kambi ya mateso ya Wanazi iko mlimani juu yake. Ilikuwapo kuanzia 1938 hadi 1945, na katika wafungwa kama 190,000 waliopelekwa huko na kwenye kambi zake ndogo, wasiopungua 90,000 walikufa. Kuna ngazi 186 za machimbo ya graniti ambazo wafungwa walipandishwa na mawe mgongoni. Karatasi ya kampuni ilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu mahali hapo, chini ya maelezo marefu ya duka la keki. Tulikaa saa tatu. Tulipotoka tuliteremka tukisukuma baiskeli, ingawa ulikuwa mteremko.

Mchana ule ule, kabla ya Grein, tairi langu la nyuma likatoa pumzi. Dada akaanza kutafuta namba ya dharura. Nikamwambia aweke simu. Kwenye kimkoba chini ya siti kulikuwa na viraka, gundi na vijiko vya kubandulia tairi. Nikapindua baiskeli, nikatoa tyubu, nikaizamisha mtoni kutafuta mapovu, nikakwaruza, nikapaka, nikapuliza gundi ikauka, nikabandika. Robo saa. Mjerumani mmoja alisimama kutusaidia akabaki kutazama. Ukiwa hujui kuziba, usiogope, vijiji vya huku vingine vina mashine zinazouza tyubu usiku na mchana kama zinavyouza soda.

Grein kuna ukumbi wa maigizo wa mwaka 1791, mdogo kama sebule ya tajiri. Jela ilikuwa chumba cha pili, na wafungwa waliweza kutazama maigizo kupitia dirisha. Zamani kipande hiki cha mto kilizamisha mashua nyingi kwa mawe na mizunguko yake. Leo kimetulia kabisa, kwa sababu bwawa la umeme la Ybbs-Persenbeug, lililofunguliwa 1959, limeyainua maji. Baiskeli inaruhusiwa kupita juu ya bwawa lenyewe, na mabwawa mengi ya huku ni madaraja yako.

Malalamiko yangu ya pili ni Melk. Si mji, hoteli. Tuliandikiwa "karibu na Melk". Ilikuwa kilomita nne kutoka mtoni na zote zinapanda. Dada alibonyeza kitufe chake cha umeme akapotea. Nilifika nikiwa nimelowa, sina hamu hata ya kuitazama ile abasia, makao ya watawa, ya manjano iliyokalia mwamba. Watawa wa Kibenedikto wako pale tangu 1089, na jengo linaloonekana leo lilianza kujengwa 1702. Nililitazama asubuhi nikiwa na akili timamu. Kabla ya kulipa, omba anwani za hoteli zote uziangalie kwenye ramani. Kampuni haikutupa mpaka wiki mbili kabla, na hapo pesa ilishakwenda.

Kisha bonde la Wachau, kilomita kama 36 kutoka Melk hadi Krems. Gawa siku mbili ukiweza, sisi tulipewa moja na nikaona tumedhulumiwa. Hapa mto hauna bwawa, unakwenda kwa miguu yake mwenyewe, na unauona mwendo. Mashamba ya zabibu yamepanda mlima kwa ngazi za mawe. Tulishika ukingo wa kusini ulio kimya hadi Arnsdorf, tukavuka kwenda Spitz kwa kivuko kingine cha waya, tukafuata kaskazini kupitia Dürnstein. Juu yake kuna magofu ya ngome ambamo mfalme Richard wa Uingereza alifungwa mwaka 1192 aliporudi kutoka vita vya msalaba. Huku divai ndiyo biashara ya kila mlango. Mimi situmii, lakini sikuachwa na kiu, wanakamua pia juisi ya zabibu, nzito na tamu, na ya mishmishi, tunda la rangi ya chungwa lenye kokwa moja, ambalo ndilo fahari yao. Beba pesa taslimu, vibaraza vingi havipokei kadi.

Kuhusu chakula cha halali, nyama niliiacha. Nilikula samaki wa mtoni wanayemwita Forelle, tambi fupi za jibini, na Kaiserschmarrn, ambayo ni kama chapati ya maji iliyonenepa ikachanwachanwa na kunyunyiziwa sukari. Uliza mawili, kama tambi zina vipande vya nguruwe na kama zabibu kavu zimelowekwa kwenye ramu. Hawakasiriki. Kibla nacho ni rahisi. Kutoka huku kiko kusini-mashariki, na wewe unaendesha kuelekea mashariki, kwa hiyo kiko mbele yako, kulia kidogo. Adhuhuri na alasiri tulisali kwenye nyasi za tuta. Mavazi, suruali pana na klipu kifundoni. Dera na cheni havipatani.

Siti. Siku ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, ya nne unasahau. Nunua kaptula yenye sponji uivae ndani, usione haya.

Baada ya Krems nchi inafunguka na kuchosha kidogo, isipokuwa Zwentendorf. Hapo kuna kinu cha nyuklia kilichokamilika kila kitu, ila hakikuwahi kuwashwa. Mwaka 1978 wananchi walipiga kura na wakakikataa kwa tofauti ndogo, asilimia 50.47. Tulikula maandazi yetu ya dukani tukikitazama. Dada alisema hajawahi kuona jengo lenye bahati mbaya kama lile. Siku hiyo upepo ulitoka mashariki ukatukabili hadi Tulln, na ndiyo siku pekee niliyomwonea wivu wa betri.

Je, ningelipa tena? Ningelipa, ila ningetaka siku kumi badala ya nane, Linz usiku mmoja zaidi, Wachau usiku mbili, na Melk mjini kwenyewe. Karatasi yao iliita hii safari ya starehe. Wenye kupanga kilomita 60 kwa siku moja na Mauthausen katikati hawajui maana ya starehe. Huduma ya mabegi naipa alama nane katika kumi, ingekuwa tisa bila Linz. Baiskeli tisa. Hoteli sita, na Melk peke yake ndiyo iliyoshusha.

Vienna tuliingilia kwenye mfereji wa Danube, katikati ya watu wanaoendesha kwa haraka wakirudi kazini. Tukarudisha baiskeli dukani. Nikamwambia fundi ukweli kwamba tairi la nyuma lina kiraka, nimeziba mwenyewe njiani. Akalibonyeza kwa kidole gumba, akalizungusha, akasikiliza. Akaitundika baiskeli ukutani pamoja na nyingine bila kuifungua, akaandika kwenye risiti yangu: haidaiwi.