Uzoefu wangu na vizuizi pale njia ya baiskeli inapokatiza maegesho

Njia ninayopita kwa baiskeli kwenda na kurudi kazini imetengwa na magari karibu mwendo wote. Mahali pekee tunapokutana nayo ni pale inapokatiza lango la eneo la maegesho, ikaambaa na safu ya magari yaliyoegeshwa, kisha ikaingia tena chini ya miti. Ni kipande kifupi, lakini hofu yote ya safari imejaa hapo. Kimewahi kuwekewa vizuizi vya aina mbili: kwanza vyuma vya zigizaga na nguzo katikati, baadaye kivuko kilichoinuliwa na matuta upande wa magari. Nimevitumia vyote viwili, mchana na usiku, kiangazi na mvua, peke yangu na nikiwa na mtoto kwenye kiti cha nyuma. Naandika kwa ajili ya yeyote ambaye kwao jambo hili linajadiliwa sasa, kwa sababu mpangilio ule wa kwanza bado unachaguliwa mahali pengi, na kwa maoni yangu ulikuwa unatuhatarisha sisi tuliodhaniwa tunalindwa.

Nianze na vyuma. Vilikuwa viwili, kila kimoja kimeziba zaidi ya nusu ya njia, kimoja kushoto na cha pili mbele kidogo kulia, ili mwendesha baiskeli alazimike kupinda mara mbili kabla ya kutokeza kwa magari. Nia ilikuwa kutupunguzia mwendo, na kweli mwendo ulipungua. Lakini baiskeli ikienda polepole mno huyumba. Pale kati ya chuma na chuma nilikuwa nabana breki, macho yangu yako kwenye ncha ya usukani nisije nikakwaruza vidole, mguu mmoja uko tayari kukanyaga chini. Sekunde hizo ndizo nilizopaswa kuinua uso na kutazama gari linaloingia langoni. Kizuizi kilikuwa kimeninyang'anya macho yangu wakati ninapoyahitaji kuliko wakati mwingine wowote, kisha kikanisukuma mbele ya magari nikiwa bado natafuta mizani.

Wengine walikuwa na shida kubwa zaidi. Mwenye baiskeli ya mizigo hakupita kabisa. Mama aliyevuta tela la watoto alilazimika kulifungua, akaivusha baiskeli, akarudi kulibeba tela. Mzee mmoja ninayemwona mara kwa mara huendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwa sababu miguu yake haina nguvu. Yeye alizunguka kupitia lango kubwa la magari, akawa katikati ya yale yale aliyotakiwa kukingwa nayo. Vijana nao walikata kupitia kwenye nyasi pembeni, pakawa na kijia cheupe kabisa kinachotokeza mahali ambapo dereva hatarajii kumwona mtu. Kizuizi ambacho nusu ya watumiaji wanakikwepa hakiwezi kuitwa kinga.

Nguzo ya katikati iliwekwa ili magari yasiingie kwenye njia yetu, na hilo naliheshimu, maana gari likiingia mle ni balaa. Ila ilikuwa ya rangi ya kijivu, bila utepe unaoakisi mwanga, na jioni ilimezwa na lami. Mkiendesha mmoja nyuma ya mwenzake, wa mbele anakuzibia nguzo. Yeye anaikwepa, wewe unaiona ikiwa mbele ya tairi lako. Uholanzi, ambako watu wameishi na nguzo hizi kwa muda mrefu, kuna desturi ya kuchora chini mstari mweupe wenye matuta madogo kabla ya nguzo, ili hata usipoiona uisikie kwenye tairi. Uingereza nayo, katika mwongozo wake wa miundombinu ya baiskeli wa mwaka 2020, inataka nafasi isiyopungua mita 1.5 kati ya nguzo na nguzo, na inataka njia ipitike kwa baiskeli yenye urefu wa mita 2.8 na upana wa mita 1.2. Kwa kipimo hicho vyuma vyetu vya zigizaga visingewekwa hata siku moja.

Sasa mpangilio mpya. Vyuma vimeng'olewa. Pale njia inapokatiza lango, lami ya magari imeinuliwa mpaka ikawa sawa na njia yetu: sisi tunapita tambarare, gari ndilo linalopanda na kushuka. Juu yake pamepakwa rangi nyekundu iliyokolea, na kabla ya kufika hapo gari hukutana na tuta la mpira. Mwili unahisi tofauti mara moja. Napunguza mwendo, ndiyo, lakini kwa hiari yangu, nikiwa wima, kichwa juu, na dereva naye amepunguza kwa sababu gari lake litarushwa asipofanya hivyo. Mara nyingi tunatazamana usoni. Hilo halikuwahi kutokea wakati wa vyuma.

Sababu ya kumbana mwenye gari kwanza ni nyepesi kueleweka. Nishati anayobeba huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo gari la kilomita 40 kwa saa lina nishati mara nne ya lile lile likiwa kwenye 20. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Na mwaka 2020, Azimio la Stockholm, la mkutano wa mawaziri wa dunia kuhusu usalama barabarani, lilitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari yanachanganyika mara kwa mara na waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Maegesho ni mahali hapo hasa. Baiskeli yangu haijawahi kumtishia mwenye gari maisha.

Lakini jambo ninalolisifu kuliko yote halina hata chuma. Nafasi za kuegesha zilizokuwa karibu kabisa na kivuko zimefutwa, pakapandwa maua mafupi yasiyozidi goti, na nguzo fupi za kuzuia mtu asiegeshe kwa dakika mbili. Kabla ya hapo gari kubwa likisimama pembeni ya kivuko lilikuwa ukuta. Fikiria dereva anayerudi nyuma kutoka kati ya magari mawili makubwa: yeye ameketi karibu na katikati ya gari lake, kwa hiyo kabla macho yake hayajapita ubavu wa jirani, mkia umeshatokeza mita moja au mbili kwenye njia yetu. Kamera ya nyuma husaidia, ila si kila gari linayo, na si kila dereva huitazama. Mimi kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa nakwenda mita 5 kila sekunde. Nikiona taa nyeupe za kurudi nyuma zikiwaka, ubongo na vidole vinachukua sekunde moja au zaidi, kwa hiyo mita 5 zimeshakwenda kabla breki haijaanza kushika. Mvua ikiwa imenyesha, ongeza tena. Hakuna kengele inayoweza kurudisha mita hizo. Kinachoweza ni uwazi, na sasa uwazi upo: mtoto kwenye baiskeli ndogo anaonekana juu ya maua yale kabla hajafika kivukoni.

Vile vibao vya zege vinavyozuia magurudumu kwenye kichwa cha kila nafasi navyo vimesogezwa. Mwanzoni vilikuwa kwenye mpaka wa njia yetu, na kwa kuwa pua ya gari hutangulia mbele ya gurudumu kwa nusu mita au zaidi, bonati zilikuwa zinaning'inia juu ya njia na kutusukuma upande wa pili, tukipishana kwa mabega. Kuvirudisha nyuma kumetupa njia yetu yote. Anayepanga maegesho asilisahau hili, kwa sababu kwenye mchoro halionekani.

Kasoro zipo. Tuta la mpira limefungwa kwa bolti, na bolti hulegea. Kuna wakati kipande kimoja kilikuwa kinanyanyuka kila gari lilipokikanyaga, na chuma chenye ncha kimetokeza. Pembeni mwa tuta pameachwa mwanya ambao kwa baiskeli ni neema, ila wenye pikipiki wameugundua na wanapita humo bila kupunguza. Maji ya mvua husimama chini ya mwinuko wa kivuko, upande tunaotokea sisi. Ile rangi nyekundu ikilowa huteleza. Nimejifunza kutokata kona juu yake na kushika breki kabla, si nikiwa juu. Pia hakuna alama inayosema wazi nani ampishe nani. Rangi inamfanya dereva asite, wengi wananyoosha mkono kuniruhusu, lakini adabu ya mtu si sheria. Mstari wa kupisha na kibao chake upande wa magari vingemaliza ubishi.

Kubwa zaidi ni taa. Iliyopo inamulika lango la magari tu, nasi tunatoka chini ya miti tukiwa gizani na kuingia kwenye mwanga ghafla, dereva akituona tukiwa tumeshafika. Nimewaandikia wasimamizi wa maegesho kuhusu taa na kuhusu bolti. Bolti zimekazwa na kile kipande kimebadilishwa. Taa bado hatujaipata, na mpaka iwekwe napita pale usiku taa zangu za mbele na nyuma zikiwaka, mwendo nimeupunguza tangu mitini.