Nilijitolea wiki nne kwenye nyumba ya watoto Moshi: uzoefu wangu, na kwa nini nimetoa nyota mbili

Nianze na pesa manake najua ndo kitu cha kwanza watu wanauliza. Nililipa pauni 1,150 kwa wiki nne, tiketi ya ndege mbali, chanjo mbali, bima mbali. Kampuni ni ya huku huku Uingereza, siitaji jina kwa sababu ziko nyingi zinauza kitu hicho hicho kwa maneno hayo hayo. Mimi ni Mkenya, mtu wa Mombasa, naishi Leicester mwaka wa tisa sasa na kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Nilikuwa na likizo imelimbikana, nikaona kabla sijapita nyumbani kwa mamangu nifanye kwanza kitu cha maana. Walikuwa na Nepal, Kambodia, Ghana na Tanzania, nikachagua Moshi kwa sababu ya lugha tu, nikajiambia angalau mimi ntaongea na watoto.

Na kweli niliongea nao. Kwenye kundi letu la watu kumi na mmoja ni mimi peke yangu niliyeelewa watoto wanasema nini, na karibu yote ntakayoandika hapa yametokana na hilo.

Kwa upande wa huduma kwa mteja sina neno. Walinipokea uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, saa nane usiku na kibao chenye jina langu, nyumba ya mavolontia iko mtaa mzuri, maji ya moto yapo, neti za mbu nzima, waifai inasuasua lakini ipo. Chakula kizuri, mpishi anapika mtori siku ya Jumapili mpaka leo naukumbuka. Wikendi wanakupangia safari za Marangu kwenye maporomoko, chemchemi za Chemka, hizo unalipia zaidi. Kijana anayetusimamia ni mpole na anajibu simu muda wowote. Kama ningekuwa nakadiria hoteli ningetoa nyota tano na ningemaliza.

Lakini hatukwenda hotelini jamani, tulikwenda kwa watoto.

Kwanza niseme hili la ukaguzi. Huku kazini kwangu siruhusiwi hata kumvalisha mzee soksi kabla cheti cha DBS hakijatoka, kile cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu, na juu ya hapo wanataka wadhamini wawili na mafunzo ya kulinda watu wasiojiweza. Hawa niliowalipa pauni elfu na kitu walitaka nakala ya pasipoti na barua fupi ya kujieleza. Basi. Siku ya pili asubuhi naambiwa nisaidie kuogesha watoto wa miaka mitatu minne, mimi ambaye walionijua hapo wana saa ishirini na nne tangu wanione. Nilipouliza yule kijana akaniambia dada usijali, wote mnaokuja ni watu wema. Mimi nimekulia pwani, najua watu wema wanaokuja na begi la peremende. Na si mambo ya kubuni, kuna kijana wa Marekani wa Oklahoma aliyekuwa akija kujitolea kwenye nyumba ya watoto Nairobi, mahakama ya kwao ikamkuta na hatia ya kuwadhulumu watoto na mwaka 2016 akafungwa miaka 40. Naye alikuja kama sisi tulivyokuja.

Halafu viza. Wenzangu wenye pasipoti ya Uingereza walishauriwa waingie na viza ya utalii ya dola 50 na wakiulizwa waseme wamekuja kutalii, wakati mtu anayekuja kujitolea Tanzania anatakiwa awe na kibali cha kazi hiyo. Mimi na pasipoti yangu ya Kenya sikuhitaji viza kuingia, lakini nilimuuliza yule kijana kama mtu anaanza kazi ya kulea watoto kwa kumdanganya afisa wa uhamiaji, hicho kituo kinaandika nini kingine cha uongo. Hakunijibu.

Siku ya kwanza tunashuka kwenye gari watoto wanatukimbilia, wanarukia mikono, mmoja anakaa mapajani mwako kabla hujajua jina lake. Wenzangu wote machozi, simu zimetoka, oh watoto hawa wana upendo. Mimi pia nilifurahi wallahi, sitaki kujifanya nilikuwa na akili kuliko wao. Ila nimelea wadogo zangu watatu na mtoto wa miaka mitatu aliyelelewa vizuri akiona mgeni anajificha nyuma ya kanga ya mamake, anachungulia. Hawa hawana pa kujificha. Baadae nilisoma kuhusu utafiti uliofanywa Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, walichukua watoto 136 waliokuwa wanakulia kwenye vituo vya serikali, nusu yao wakatafutiwa familia za kuwalea, nusu wakaendelea kama kawaida, kisha wakawafuatilia miaka na miaka. Waliopata familia mapema, hasa kabla hawajafika miaka miwili, walitengemaa kuliko wenzao, hata ubongo wenyewe ulionyesha tofauti. Na moja ya dalili walizoziandika kwa watoto wa vituo ni hiyo hiyo ya kumwendea mtu asiyemjua kama vile ni mtu wake. Kile tunachokipiga picha tukiita upendo.

Kuna swali waliniuliza watoto wasiopungua saba wiki ya kwanza. Baada ya shikamoo na marahaba, hawaulizi unatoka wapi, hawaulizi jina. Wanauliza, “Anti, wewe unaondoka Jumamosi ipi?” Kwa sababu gari la uwanja wa ndege huwa linaondoka Jumamosi. Na wana mchezo wao, niliukuta nyuma ya jiko, mmoja anabeba mfuko wa unga mtupu mgongoni ndo begi, wengine wanapanga mstari wanamkumbatia mmoja mmoja wakijifanya kulia, halafu mwingine anashika kipande cha tofali juu, ndo simu, “tabasamu, tabasamu!” Kisha wanabadilishana zamu. Watoto wa kwetu wanacheza kibaba baba na kimama mama, hawa wanacheza kuagana. Nilisimama pale na beseni la nguo mkononi nikashindwa kupita.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Ofisini kwa kituo kuna ubao mkubwa, picha za watoto wote thelathini na mmoja na chini ya kila picha maelezo kwa Kiingereza, na maelezo hayo hayo baadhi yako kwenye websaiti ya kampuni na picha zao, kila mtu duniani anaweza kuona. Wiki ya pili binti mmoja wa miaka kumi hivi akanivuta mkono akaniambia anti nisomee pangu imeandikwa nini, kila mgeni anasoma halafu ananiangalia kwa huruma. Nikasoma. Imeandikwa alitupwa na wazazi wake akiwa mdogo na hana ndugu yeyote anayejulikana. Nikamwambia imeandikwa unapenda kuimba na unajua hesabu. Akafurahi, akasema ni kweli napenda, mama yangu pia anaimba kwaya kanisani. Nikamuuliza mama yupi? Akanijibu hivi hivi tu, kama kitu cha kawaida, “Mama yangu yuko Himo, anauza ndizi.”

Himo ni nusu saa kwa gari kutoka Moshi.

Usiku ule nilikaa na mama mlezi tunachambua maharage, mama wa makamo, yuko pale miaka sita, peke yake ana watoto kumi na wanne mikononi mwake. Nikamuuliza. Akahesabu kwa vidole kitanda kwa kitanda, huyu baba yake yuko Same, hawa wawili bibi yao yuko Kibosho na huwa anakuja na parachichi, huyu mama yake yuko Arusha anafanya kazi za ndani, huyu shangazi yake ni fundi cherehani hapa hapa mjini. Akafika wanne. Wanne tu kati ya thelathini na mmoja ndo hajulikani mtu wao, mmojawapo aliokotwa kwenye ngazi za kanisa akiwa na kitovu kibichi. “Hao ndio wa kutupwa, mwanangu. Wengine ni umaskini.” Wala sio Moshi peke yake, UNICEF walitoa ripoti ya Kambodia mwaka 2011, karibu robo tatu ya watoto kwenye vituo walikuwa na mzazi aliye hai, na vituo vilikuwa vimeongezeka sana miaka ambayo watalii waliongezeka. Wageni wakitaka mayatima, mayatima wanapatikana.

Nikamuuliza mshahara wake, akasema shilingi 180,000 kwa mwezi, na miezi mingine unachelewa. Nikamuuliza kituo kinapata ngapi kwa kila volontia, akasema anavyosikia yeye ni 60,000 kwa wiki. Pigeni hesabu na mimi. Pauni zangu 1,150 wakati ule zilikuwa zaidi ya milioni tatu na nusu za Tanzania, kituo kimepata laki mbili na arobaini, na ile niliyoitoa mimi kuja kukaa wiki nne ingemlipa mama huyu, anayejua nani anakojoa kitandani na nani haogopi giza, mwaka mzima na miezi saba. Wao wana wageni kumi na mmoja kwa mpigo, na mwezi unaofuata wengine.

Kazi yenyewe tuliyofanya, kufua, kugawa uji, kufundisha nyimbo za Kiingereza ambazo kundi lililotangulia limeshawafundisha. Sina la kuongeza hapo.

Wiki zilipoisha sikurudi KIA, nilipanda basi kwenda kwetu kwa njia ya Holili na Taveta, na njia hiyo inapita Himo. Mama mlezi alikuwa keshampigia simu mama wa yule binti, kwa hiyo nilishuka, nikamkuta sokoni. Mwanamke wa umri wangu. Mume alifariki akamwachia watoto watatu, huyu ndo mkubwa, nyumba ya kupanga, wakaja watu wakamwambia kuna kituo cha wafadhili, mtoto atasoma shule ya Kiingereza na atakula mara tatu. Shule za msingi za serikali Tanzania hazina ada lakini sare, daftari, viatu na chakula ni vya mzazi, na yeye siku ndizi zisipotoka hawali. Akampeleka. Alikuwa anakuja kumwona kila mwezi, halafu akaambiwa apunguze kwa sababu mtoto akimwona anasumbua wiki nzima. Sikukusudia kumwambia kuhusu ule ubao, ila aliniuliza watoto wanaongelewaje kwa wageni, nami sikuweza kudanganya mara mbili kwa jambo moja. Alikaa kimya akapanga ndizi zake upya. Akasema, “Dada, mimi mtoto wangu sikumtupa. Nilimpeleka shule.”

Nimerudi Leicester nimeandika malalamiko kwa kampuni, kurasa tatu. Jibu la kwanza lilinishukuru kwa moyo wangu wa upendo. La pili likasema maelezo ya watoto wanayapata kwa wenye kituo. Baada ya barua pepe ya nne picha ya binti imetolewa kwenye websaiti, na dipoziti yangu ya pauni 200 ya mwaka uliofuata (ndio, nilikuwa nimeshaweka nafasi ya kurudi, walinishawishi wiki ya kwanza) wamerudisha 150.

Kama unafikiria kwenda, kabla hujalipa waulize wanataka cheti gani cha polisi, waulize watoto wangapi wana wazazi hai na wamerudisha wangapi kwao mwaka uliopita. Wakikujibu kwa picha za watoto wakicheka, usilipe. Na ujue serikali zenyewe zimeanza kubadilika, kwetu Kenya usajili wa nyumba mpya za watoto ulisimamishwa 2017 na sheria ya watoto ya 2022 inatambua mtoto kulelewa na ndugu, malezi ya kambo na hata kafala kwa sisi Waislamu, yaani kumlea mtoto bila kumpa jina la ukoo wako. Australia mwaka 2018 waliingiza kwenye mambo ya utumwa wa kisasa hii ya kuwakusanya watoto wenye wazazi na kuwafanya mayatima wa biashara. Umoja wa Mataifa nao mwaka 2019 wakalitaja hili la kujitolea kwenye vituo kwenye azimio lao la haki za mtoto. Wenye ujuzi kweli, daktari, mtaalamu wa watoto wenye ulemavu, mwalimu wa walimu, nendeni mkafundishe walezi, sio kukaa na watoto. Sisi wengine pesa yetu ina kazi kubwa kuliko mikono yetu.

Nyota mbili ni za mpishi na za yule kijana dereva wa basi aliyenishusha Himo bila kuniuliza kwa nini. Mama wa binti amepeleka maombi kwa afisa ustawi wa jamii kumrudisha mwanae, mama mlezi ndo anamsaidia kufuatilia, mimi natuma cha daftari na sare. Faili bado linazunguka ofisini. Likizo ya Desemba walimruhusu binti, alilala kwao siku kumi na mbili.