Bunduki ya marehemu baba na bolti isiyo yake

Nimeahirisha kuandika haya kwa muda mrefu, kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta naandika matusi, na mtu aliyefundisha Kiswahili darasani hadi akastaafu hapaswi kuonekana akitukana hadharani. Lakini juzi nilimsikia kijana mmoja hapa Nachingwea akieleza kwamba ananunua bunduki ya zamani ya kijeshi kama yangu, na kwamba kabla ya kuitumia ataipeleka Dar es Salaam kwa fundi fulani "aifufue". Alipoeleza duka lilipo nikamtambua fundi huyo, na usiku ule sikulala vizuri.

Bunduki yangu ni Lee-Enfield Na. 4, iliyotengenezwa Long Branch, Kanada, mwaka 1943. Uzito wake, urefu wake na mengine ya namna hiyo atakayeyataka atayapata kokote. Marehemu baba aliipata kihalali kwa bwana mmoja aliyekuwa kwenye mradi wa karanga wa Waingereza, ule uliovunjika mwaka 1951 na kutuachia mashamba makubwa yaliyorudi kuwa pori, na baadaye leseni ikahamia kwangu baada ya safari nyingi za serikali ya kijiji, kata na polisi ambazo sitaki kuzikumbuka. Kwa bunduki hiyo nimewinda kwa leseni msimu baada ya msimu, na kwa kibali cha ofisa wanyamapori nimefukuza nguruwe pori mashambani hadi nimechoka kuhesabu. Haijawahi kuniaibisha. Nasema haijawahi, kwa maana ya kabla ya fundi.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilihamia Lindi mjini kwa muda, karibu na bahari, nikawa mvivu wa kuipaka mafuta, na hewa ya chumvi ikafanya kazi yake: madoa mekundu yakaanza kuonekana kwenye bolti, yaani kile chuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono kila unapotaka kuingiza risasi. Nikaipeleka kwa fundi huyo. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, na nikiwa nimekaa nikaona chini ya meza yake beseni la plastiki la bluu lenye mafuta, na ndani yake bolti nne za bunduki za namna moja zimelala pamoja kama samaki wa kuchovya kwenye chumvi. Yangu ikawa ya tano. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu mawili, wala sikusema neno. Nililipa, nikarudi baada ya siku chache, nikakabidhiwa bunduki inayong'aa, nikashukuru mno.

Msimu ule mahindi yalikuwa yameanza kubeba, na nguruwe walikuwa wakiingia kila usiku kutoka upande wa mikorosho. Tulilala shambani, mimi na jirani yangu, mzee mwenye gobore lililosajiliwa ambalo mimi, kwa kiburi cha mwenye bunduki ya kiwandani, nilikuwa nikilitania kila mara. Kulipopambazuka kiasi cha kuona, dume kubwa lilijitokeza, hatua kama sitini hivi kutoka tulipokuwa. Nilifyatua. Nakiri kwamba niliharakisha, na risasi ilimpata nyuma kidogo ya pale ilipotakiwa kumpata. Nikavuta bolti ili niweke risasi ya pili.

Bolti ilirudi na kipande kidogo cha shaba, kimviringo, kinachometa ukingoni, si kikubwa kuliko kitufe cha koti. Kilikuwa kitako cha ganda la risasi. Ganda lenyewe, yaani ule mwili wake wote, lilikuwa limebaki ndani ya chemba, yaani tundu la bunduki ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa. Nikasukuma risasi ya pili, ikaingia nusu ikagoma. Nikairudisha, nikasukuma tena, ikagoma palepale. Dume lilikuwa limejificha nyuma ya mkorosho, likawa linatoka kwa ubavu kuja upande wetu, na mimi nimeshika fimbo ya kilo nne. Jirani akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mwalimu, sogea kushoto." Nikasogea. Gobore likalia, moshi ukatufunika wote wawili, na moshi ulipopungua dume lilikuwa chini. Mzee hakucheka. Afadhali angecheka.

Mstaafu mmoja wa jeshi ndiye aliyelitoa lile ganda kwa brashi nene ya waya iliyobana kuta zake kwa ndani, na ndiye aliyenifungua macho. Bunduki hii ina namba ubavuni, karibu na kitako, na namba hiyo hiyo hugongwa kwenye mkono wa bolti, kwa sababu kiwandani kila bolti ililinganishwa na bunduki yake. Namba zangu hazikufanana. Zaidi ya hapo, kichwa cha bolti ya Na. 4, yaani ncha yake ya mbele inayoegemewa na kitako cha ganda, hufunguliwa kama skrubu, nacho hutolewa kwa vimo vinavyogongwa sifuri, moja, mbili na tatu, sifuri kikiwa kifupi kuliko vyote. Cha baba kilikuwa na mbili. Najua kwa sababu nimekifuta kwa kitambaa tangu nikiwa mtoto. Nilichorudishiwa kilikuwa sifuri. Maana yake ni kwamba kati ya bolti na kitako cha ganda palikuwa na nafasi isiyotakiwa. Baruti inapowaka, kuta za ganda hunata kwenye chemba kwa nguvu ya gesi, kitako chake nacho kinasukumwa nyuma kuifuata bolti iliyo mbali, shaba inavutika, na siku moja inakatika. Yote hayo hutokea sentimita chache mbele ya jicho lako.

Basi nikapanda basi hadi Dar es Salaam, nikiwa na bunduki, leseni, na kile kipande cha shaba nimekifunga kwenye leso. Nikamfungulia leso fundi. Hakukigusa. Hakuangalia namba hata nilipomwonyesha kwa kidole. Akaniambia, mbele ya wateja wawili, "Mzee wangu, chuma hiki kinakuzidi umri. Ulitegemea nini? Kama unataka kipya, nunua kipya." Kisha akamgeukia mteja mwingine.

Neno "mzee wangu" lilinichoma kuliko yote, kwa jinsi alivyolitumia kama mtu anayefunga mlango polepole. Na hoja yenyewe ya umri ni ya kipuuzi. Sisi wa Kusini tunajua bunduki zilizozeeka. Wengi wa askari wa Mjerumani waliianza vita ya 1914 na bunduki za muundo wa 1871, za baruti ya moshi iliyowaanika mahali walipo kila walipofyatua, na vita ile ilifika hapa kwetu Mahiwa, Oktoba 1917, ikiwa bado inawaka. Nilitaka kumwambia haya. Nilichomwambia ni kwamba sitarudi tena, jambo ambalo nadhani lilimfurahisha.

Ile wiki ya kwanza nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba bunduki hizi zilizostaafu jeshini ni jeneza lenye kitako cha mbao, asinunue mtu. Sasa naona niliionea bunduki. Yule mstaafu aliitafutia kichwa cha kimo sahihi, akapima, akaijaribu akiwa ameifunga kwenye magunia ya mchanga na sisi tumekaa mbali, na maganda yote yakatoka mazima. Kwa risasi za kuwindia zenye ncha laini (zile za kijeshi zenye ncha iliyofunikwa hupita mwilini mwa mnyama kama sindano na kumwacha afie mbali) sijaona sababu ya kuibadilisha. Hapo naona namtetea hata fundi bila kupenda, maana nikitulia nadhani hakuiba kitu. Alichanganya tu kwenye beseni lake. Lakini nikikumbuka leso yangu imefunguliwa juu ya meza yake na yeye anaangalia pembeni, nafuta utetezi huo. Kuchanganya ni kosa la mikono. Kukataa kuangalia namba ni kitu kingine, na mtu wa namna hiyo asiguse hata mtego wa panya.

Bolti yangu bado ipo mahali fulani, kwenye bunduki ya mmoja wa wale waliokuwa na bolti zao ndani ya beseni lile, nayo haimfai kama ya kwake ilivyokuwa hainifai. Namba yake inaishia na 417, na ukiigeuza upande wa mkono utaona mkwaruzo mrefu alioufanya baba kwa msumari. Ukiikuta kwako, usifyatue. Nitafute nije nayo hiyo yako, tubadilishane.