Jezi ya Fontaine 1958 ya Kariakoo: kitambaa safi, nyota wamezidisha

Wale mnaoulizia ile jezi ya bluu, ni ya Ufaransa ya 1958, namba 17 mgongoni, ya mshambuliaji wao Just Fontaine, nimeiprintisha Kariakoo duka moja pale karibu na Msimbazi kwa elfu thelathini na kiukweli hela haijapotea.

Kitambaa kina uzito flani, sio zile nailoni zinazogandana na jasho, kola imetulia, nimeshaifua mara kadhaa na namba haijabanduka hata pembeni. Mchana kwa hili joto la Dar unaivaa kibishi ila jioni freshi kabisa.

Kichekesho kipo kifuani sasa, juu ya jogoo, ile nembo ya Ufaransa, wamepiga nyota mbili! Jamani hizo ni za kubeba Kombe la Dunia 1998 na 2018, mwaka 58 Ufaransa kombe walikuwa hawajawahi kulishika, Brazil iliwatoa nusu fainali 5-2. Halafu wakataka waweke na jina mgongoni, nikawaambia enzi hizo ilikuwa namba tu, dogo wa mashine akanicheki akasema "sasa bro bila jina nani atamjua?"

Aisee hapo dogo ana pointi maana huyu mwamba hajulikani kabisa, mtu kafunga goli 13 kwenye Kombe la Dunia moja, mechi 6 tu, Ujerumani Magharibi peke yao kawapiga nne wakigombea nafasi ya tatu, tena na viatu vya kuazima kwa mwenzake Stéphane Bruey, mpaka leo hakuna aliyefika hapo. Timu ya taifa mechi 21 goli 30. Baadae mguu ukavunjika, ukapona, ukavunjika tena, 1962 akastaafu ana miaka 28!

Ukocha ulikuwa wa kupanda na kushuka, Ufaransa walimpa timu 1967 akacheza mechi mbili kapigwa zote basi, ila PSG ilipanda ligi kuu 1974 yeye akiwa kocha, na Morocco (kazaliwa Marrakech huyu) ikawa ya tatu AFCON 1980 Nigeria, ile ile Taifa Stars yetu ilienda mara ya kwanza.

Mkienda waambieni kabisa nyota hamtaki, jogoo tu. Saizi zao ndogo, kama unavaa L chukua XL, na wakikwambia njoo kesho we nenda Jumamosi.