Kutyuni: uwiano wa 3:2 au hatua 12 sawa?

Uzi wa noti A wa fidla ukiwa hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), noti E ya uwiano wa 3:2, yaani mara moja na nusu ya A, ni 660 kamili, na sauti mbili hutulia pamoja. Kinanda hugawa oktava (kutoka noti moja hadi ile yenye masafa maradufu) kwa hatua 12 sawa, kila moja ikizidisha masafa kwa 1.05946, E yake ni 659.26. A na E hiyo ya kinanda zikipigwa pamoja, sauti hutikisika kama mara moja na nusu kwa sekunde. Hilo si kitu. Kero ni noti C♯: 550 kwa uwiano wa 5:4 na A, lakini 554.37 kwenye kinanda, mitikisiko 17 kwa sekunde ikipigwa na A!

Ila ukirundika 3:2 mara 12, unapitiliza oktava 7 kwa asilimia 1.36, na funguo (noti-msingi za wimbo) zilizo mbali na ile uliyoanzia huchafuka. Wimbo unaohamahama funguo unataka hatua sawa. Fidla ikiandamana na kinanda, ilinganishe A na ya kinanda kwanza, kisha nyuzi nyingine zifuate kinanda.